Kisanduku cha viunzi 8 cha kunasia nyuki: kipime kabla hujamlipa fundi

Kisanduku hiki ni kizuri na kinastahili kununuliwa, kwa sharti moja: viunzi vyake, yaani vipande vya mbao vya juu ambavyo nyuki huning'iniza masega chini yake, viingie kwenye mzinga wako wa kudumu bila kukatwa, bila kuchongwa, bila kulazimishwa. Kunasa kundi la nyuki si kazi ngumu. Jakaranda zikichanua Oktoba na Novemba na vuli ikikaribia, makundi yanapita Arusha na Moshi yakitafuta pa kukaa, na boksi lolote kavu lenye giza na harufu ya nta lina nafasi ya kupata wageni. Kazi iko siku ya kuwahamisha. Hapo ndipo sega jeupe linapokatika mkononi, malkia anapopondwa, na kundi zima linapoondoka kesho yake asubuhi. Kila kipimo kinachotajwa hapa chini kinarudi kwenye siku hiyo.

Kilichokaguliwa kimetengenezwa kwa oda kwenye karakana ya mbao mjini Arusha. Ni boksi la mstatili la mbao za saiprasi, unene milimita 20 baada ya kurandwa. Ndani kina urefu wa sentimita 44, upana sentimita 25.6 na kina sentimita 24, yaani lita 27 hivi. Juu kuna viunzi 8 vya urefu wa sentimita 48, vimelala juu ya kuta zote mbili. Kuna mfuniko wa bati, mlango mmoja wa nyuki, dirisha dogo la wavu upande wa nyuma, na kitanzi cha waya kila upande. Bei haitajwi hapa kwa sababu fundi huipandisha na kuishusha kufuatana na mbao. Muulize bei ya kisanduku kimoja na ya viwili kwa pamoja, na ukiweza chukua viwili. Kimoja kikipata nyuki kitakaa na kazi wiki tatu, na msimu haungoji.

Lita 27 zinatosha. Nyuki wa Ulaya hupendelea tundu la lita 40 hivi, lakini nyuki wetu hukubali nafasi ndogo zaidi. Ukishuka chini ya lita 20 kundi kubwa litaingia, litajaza upesi, na kabla hujajipanga limeshaanza kufikiria kugawanyika tena.

Sasa viunzi, maana hapa ndipo pesa inapookolewa au kupotea. Nyuki wa Kiafrika hujenga masega ambayo kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jingine ni milimita 32. Kiunzi kiwe na upana huo huo. Mwambie fundi inchi moja na robo, kwa sababu futi yake inasomwa kwa inchi na tofauti iliyobaki ni robo ya milimita tu. Mafundi wengi hupenda kuweka inchi moja na nusu kwa kuwa mbao inagawanyika vizuri. Usikubali. Inchi moja na nusu ni milimita 38: kila kiunzi kinamzidi nyuki milimita 6, na ukifika sega la nne tofauti imekuwa milimita 18, karibu nusu ya kiunzi. Sega hilo linaangukia kwenye mwungano wa viunzi viwili, na huwezi kunyanyua kimoja bila kulipasua. Hata milimita 35, kipimo cha fremu za Langstroth (mzinga wa masanduku yenye fremu za kutoa), kinaanza kuleta shida kwenye sega la saba. Mstari wa nta ulionyooka katikati ya kiunzi huwasaidia nyuki kufuata njia, ila kiunzi kipana wanakipambana nacho mpaka mwisho.

Kwenye kisanduku kilichokaguliwa, viunzi sita vilikuwa na milimita 32 kamili na viwili 31. Hilo si kosa la msumeno. Ni mbao iliyokatwa ikiwa haijakauka sawasawa, ikasinyaa baadaye. Milimita moja kwenye kiunzi kimoja si kitu. Ikitokea kwenye vyote nane unapata pengo la milimita 8 mwishoni, na hapo nyuki anapita bila kuinama. Viunzi vilivyobanana ndiyo dari ya nyuki. Pengo likitokea, wanapanda kwenye mfuniko na kujenga juu ya viunzi, na ukija kufungua unaangusha masega yenye majana, yaani watoto wa nyuki. Kwa hiyo pima viunzi vyote nane kwa pamoja, vikiwa vimebanwa kwa mkono: jumla iwe kati ya sentimita 25.4 na 25.6. Ikipungua zaidi ya hapo, omba kipande chembamba cha mbao cha kuziba upande mmoja, usikubali kuambiwa nyuki wataziba wenyewe kwa gundi yao. Wataziba, lakini kwa nguvu ambayo wangeitumia kujenga.

Urefu wa sentimita 48, inchi 19, ni uchaguzi mzuri sana wa fundi. Ndio urefu wa fremu ya Langstroth na wa viunzi vya mizinga mingi ya viunzi. Lakini urefu kulingana haimaanishi masega yataingia. Kisanduku hiki kina kuta zilizosimama wima, kwa hiyo sega linashuka likiwa na upana ule ule juu hadi chini. Mzinga wa Kitanzania wa viunzi nao una kuta wima, na sega linaingia kama lilivyo. Mzinga wa Kenya una kuta zilizoinama kuelekea ndani, chini ni pembamba kuliko juu. Ukileta sega la mstatili kutoka kwenye kisanduku hiki, kiunzi kinakaa vizuri juu lakini pembe mbili za chini zinagonga kuta kabla hakijashuka. Inabidi uzikate, na pembe hizo mara nyingi zina majana au asali mbichi inayoanza kuchuruzika na kuita sisimizi. Mwenye mzinga wa Kitanzania akipe kisanduku hiki nyota 4 kati ya 5. Mwenye mzinga wa Kenya akipe 2, kisha amwambie fundi amtengenezee chenye kuta zenye mwinamo ule ule wa mzinga wake; abebe ubao mmoja wa mwisho wa mzinga kama kielelezo, fundi auchore moja kwa moja juu ya mbao.

Saiprasi ni chaguo zuri. Ni nyepesi, haipindi sana, na harufu yake hafifu haiwafukuzi nyuki ikishapigwa upepo wiki mbili. Grevilea nayo inafaa na inapatikana kirahisi upande wa Kilimanjaro, ila irandwe ikiwa kavu kabisa. Paini inafaa kama haijachovywa dawa. Mbao zenye rangi ya kijani kibichi zimelowekwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza. Ni nzuri kwa paa la nyumba, si kwa kuta ambazo nyuki atazilamba na kuzipaka gundi kila siku. Plaiwudi huja na harufu ya gundi ya kiwandani, na masika moja ya Tengeru au Kibosho inatosha kuanza kuachanisha tabaka zake. Ukipenda rangi, paka nje tu, rangi ya maji, isiyong'aa, na uache siku kadhaa. Ndani pasiguswe.

Mfuniko ndio udhaifu wa kisanduku hiki. Bati limepigiliwa juu ya fremu nyembamba ya mbao, na kati ya bati na viunzi kuna nafasi ya sentimita moja tu. Arusha mjini, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi na kivuli cha mti, utapita bila shida. Moshi mjini ni chini zaidi, mita 800 na kitu, na jua la saa 8 mchana juu ya bati ni jambo jingine. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 za Selsiasi, lakini hulegea mapema zaidi, na sega jipya lililobeba nekta huanza kuning'inia na kuchomoka kwenye kiunzi. Nyuki wenyewe hutunza chumba cha majana kwenye nyuzi 34 hadi 35; joto likizidi wanatoka kuning'inia nje kama ndevu, na kundi changa lisilo na majana ya kulifunga linaamua kuhama. Dawa ni rahisi: agiza fremu ya mfuniko iwe na kina cha sentimita 4, na matundu mawili madogo yenye wavu kwenye ncha ili hewa ipite. Kama umeshakinunua, weka kipande cha gunia lililokunjwa mara mbili juu ya viunzi kabla ya kufunika.

Mlango ni tundu la duara la kipenyo cha sentimita 2.5. Fundi ametumia biti aliyokuwa nayo. Tundu hilo linampitisha mjusi na panya, na kisanduku kinachongoja nyuki kwa wiki sita kitapata mpangaji mwingine kwanza. Piga misumari miwili membamba ikipishana kama msalaba mbele ya tundu. Nyuki atapita, wengine hawatapita. Ukiagiza kipya, omba mwanya wa kimo cha milimita 8 na urefu wa sentimita 10, usawa wa sakafu. Nyuki wanaweza kuutetea, na maji yakiingia yanatoka. Uzuri wa tundu la duara ni kwamba gunzi la hindi linaliziba kwa sekunde moja usiku wa kusafirisha.

Dirisha la wavu ndilo jambo lililofikiriwa vizuri kuliko yote. Ni la sentimita 10 kwa 10, limewekwa wavu wa chuma wa matundu madogo, na lina kibao cha kulifunika kinachozunguka kwenye skrubu moja. Wakati wa kungoja nyuki kibao kinafungwa, kwa sababu mwanga ukiingia wapelelezi, nyuki waliotumwa kutafuta makao, wanaondoka. Wakati wa safari kinafunguliwa. Nyuki waliofungiwa hutaharuki, wakitaharuki hupandisha joto, na wanaweza kufa wote ndani ya safari fupi, wamelowana na asali waliyoitapika, masega yameanguka chini. Ni hasara inayouma, na inaepukika kwa wavu huo mmoja. Wavu wa plastiki wa madirisha haufai: hupinda, huchanika kwenye stepla, na upenyo wa pembeni unatosha kutoa nyuki mia kwenye gari.

Vitanzi vya waya ni vya waya mnene, vimepitishwa kwenye ubao na kukunjwa kwa ndani badala ya kupigiliwa msumari. Vinabeba. Tundika kisanduku kwenye tawi au kati ya nguzo mbili, mita 2 hadi 4 juu ya ardhi, mahali penye kivuli cha mchana, mlango ukitazama upande usiopigwa na upepo, na pasiwe njia ya watu chini yake. Paka grisi kwenye waya urefu wa kiganja, na uirudie mvua ikipiga siku nyingi. Kagua kama kuna tawi au jani linalogusa boksi. Siafu wakipata daraja la jani moja wanamaliza kundi changa usiku mmoja, na sisimizi weusi peke yao wanatosha kulifanya lihame. Nyegere naye hupunguziwa kazi ukikiweka kwenye kisiki, basi usikiweke hapo.

Kisanduku kikitoka kwa fundi ni boksi tupu; kinakuwa mtego ukikitia harufu. Yeyusha nta ya nyuki ndani ya kopo lililokaa kwenye sufuria ya maji ya moto, usiiweke nta juu ya moto moja kwa moja. Geuza viunzi, kisha mimina uzi mwembamba wa nta kwenye mfereji wa msumeno uliopo chini yake, na ubakize sentimita 3 kila mwisho. Mshumaa wa dukani ni parafini. Hauvutii nyuki na sega halishiki. Kilichobaki cha nta kipake kwenye kuta za ndani kwa tambara. Kwangua gundi ya nyuki kutoka mzinga wa zamani, iloweke kwenye spiriti siku mbili, pakaza kuzunguka mlango. Halafu mchaichai: matone mawili au matatu ya mafuta yake kwenye pamba, ndani, nyuma kabisa. Harufu ya mchaichai inafanana na ile ambayo vibarua, nyuki wafanyakazi, huitoa kuwaita wenzao, ndiyo sababu inafanya kazi. Majani mabichi yaliyopondwa yanasaidia pia, ila yanakauka kwa siku chache. Kipande cha sega kuukuu jeusi, kisichozidi ukubwa wa kiganja, kina nguvu kuliko vyote, lakini nondo wa nta anakijua pia, kwa hiyo kikague kila mara. Asali usiweke hata tone. Inaita sisimizi na nyuki wezi, na hakuna kundi linalohamia kwenye vurugu.

Pita kukiangalia kila baada ya siku 7 hadi 10, ukiwa umesimama mbali. Nyuki kumi au ishirini wanaozunguka boksi, wakiingia na kutoka, wakipima kona na nyufa, ni wapelelezi, usiguse kitu. Ukiona nyuki wanatua moja kwa moja wakiwa na vidonge vya chavua miguuni, kundi limeshaingia na malkia anatarajiwa kutaga au ameshaanza. Chavua ni chakula cha majana, nyuki asiye na mpango wa kulea haibebi hivyo.

Kisanduku hiki kinatumika vilevile kukusanya kundi linaloning'inia, na hapo kinafanya vizuri kuliko mzinga mzima, kwa kuwa mtu mmoja anakishika. Vaa kamili, buti za mpira juu ya suruali, na bomba la moshi liwe limewaka sawasawa. Magunzi na makapi ya kahawa hutoa moshi baridi wa kudumu. Kundi lililotoka nyumbani leo limeshiba asali na kwa kawaida ni tulivu. Lililokaa juani siku mbili tatu lina njaa, na halisamehe. Nenda saa 11 jioni. Toa viunzi vinne, nyunyiza kundi maji kidogo sana, weka kisanduku chini yake karibu kabisa kugusa, kisha utikise tawi mara moja kwa nguvu. Mtikiso mmoja mkali ni bora kuliko mitano ya woga. Rudisha viunzi kwa kuvilaza juu ya nyuki taratibu, vitashuka wenyewe nyuki wakisogea, usivisukume.

Halafu tazama mlangoni. Kama malkia yuko ndani, baada ya dakika chache vibarua watajipanga kwenye ubao wa mlango, vichwa vikielekea ndani, matumbo yameinuliwa, mabawa yakipepea kwa kasi, na kwenye ncha ya tumbo la kila mmoja kumefunguka kijieneo cheupe chenye unyevu. Wanaita. Waliobaki hewani na kwenye tawi watashuka na kuingia kwa miguu kama maji yanayorudi mfereji. Kama badala yake waliomo ndani wanatoka na kurudi kwenye tawi, malkia amebaki juu, rudia. Acha kisanduku hapo hapo mpaka saa 1 usiku, waliotoka warejee, ndipo uzibe mlango na ufungue dirisha.

Watu huuliza kuhusu kile kizuizi cha malkia, kipande cha plastiki au chuma chenye nyufa za milimita 4.2 hivi kinachowekwa mlangoni ili vibarua wapite na malkia abaki. Karakana zingine huuza pamoja na kisanduku. Kina faida kwa siku mbili tatu za mwanzo, mpaka mayai yaonekane. Kikiachwa zaidi ya hapo kinaleta madhara: madume hawatoki, wanakufa mlangoni na kuuziba, na kama malkia ni mwali hawezi kwenda kupandwa, kundi linazeeka bila mtoto. Tena malkia mwali ni mwembamba, anaweza kupenya. Usikilipie kama huna nia ya kukitoa kwa wakati.

Kusafirisha: viunzi havikufungwa kwa chochote, na hilo ni pungufu jingine la fundi. Zungusha mipira miwili ya kufungia mzigo juu ya mfuniko, ikaze kweli. Kwenye pikapu panga kisanduku ili urefu wa viunzi ufuate mwelekeo wa gari, masega yasipepesuke dereva akifunga breki. Bodaboda hapana; nyuki wakivuja barabarani, dereva na abiria hawana pa kukimbilia. Kama kundi limekaa kwenye kisanduku zaidi ya siku chache, wameshazoea eneo, na ukiwahamisha chini ya kilomita 3 wengi watarudi kwenye tawi lile la zamani. Zidisha hapo, au kiache palepale.

Mjini usiache kisanduku kilichoingia nyuki juu ya uzio wa nyumba ukingoja wikendi. Nyuki wa tambarare zetu ni wepesi kuchokozeka, na mbuzi au mbwa aliyefungwa kamba jirani hana namna ya kujiokoa. Kihamishe usiku uleule kwenda manzuki, mahali mizinga inapokaa. Kundi lililojenga ndani ya dari au ukuta si kazi ya kisanduku hiki wala ya mtu mmoja, na kama watu wanashambuliwa namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Juu kwenye misitu ya Meru na Kilimanjaro wapo nyuki weusi zaidi na watulivu zaidi, lakini usiende bila vazi kwa kutegemea rangi.

Fika manzuki, weka kisanduku mahali hasa utakapoweka mzinga, mlango ukitazama kule kule mzinga utakakotazama. Fungua mlango, funga dirisha. Mvua ikiwa inanyesha mfululizo na kundi halina akiba, wape shira ya kilo 1 ya sukari kwa lita 1 ya maji, kidogo kidogo, usiku, kwenye kisahani sakafuni chenye vijiti vya kusimamia wasizame. Nafasi ya kisahani ipo mpaka masega yafike sentimita 18 hivi.

Kisha usiguse. Wengi huhamisha siku ya tatu kwa shauku, na hapo nyuki hawana cha kuwazuia. Ngoja majana yaliyofunikwa. Yai hukaa siku 3, buu siku tano au sita, kisha chumba hufunikwa, kwa hiyo kwa malkia anayetaga tangu siku za kwanza utaona vifuniko bapa vya rangi ya kahawia hafifu ndani ya wiki mbili. Kundi lenye malkia mwali huchelewa, lipe hadi wiki tatu au zaidi. Ukiona mayai mawili matatu kwenye chumba kimoja, yamebandikwa kwenye kuta na si katikati ya sakafu, hakuna malkia. Vibarua ndio wanaotaga, na kundi hilo linahitaji kuunganishwa na jingine. Kwa upande mwingine ukipitisha wiki nne kwenye maua mengi, kahawa imechanua baada ya mvua na parachichi zinafuata, viunzi vyote nane vitajaa na kuwa vizito, na masega yatakuwa yameshikamana na kuta.

Siku ya kuhamisha, saa 11 jioni, sogeza kisanduku nusu mita pembeni na uweke mzinga mahali pake. Pumua moshi mara mbili mlangoni, ngoja dakika mbili. Anza na kiunzi cha pembeni chenye sega dogo. Pitisha kisu chembamba kati ya sega na ukuta kabla ya kunyanyua, kutoka chini kwenda juu, ili uzito usining'inie kwenye sehemu iliyokatwa. Inua wima, peleka wima, shusha wima. Sega jipya lisilo na waya ukililaza ubavu kutazama majana linavunjika kwa uzito wake lenyewe, na hapa ndipo upana wa milimita 32 unakulipa: kila kiunzi kinanyanyuka na sega lake moja, hakuna linalovuka. Pitisha vyote nane kwa mpangilio ule ule na mwelekeo ule ule, ongeza viunzi viwili vilivyopakwa nta kila upande, na uzibe sehemu iliyobaki ya mzinga kwa ubao wa kugawanya, wasiwe na ukumbi mkubwa wa kuulinda. Nyuki waliobaki ndani ya kisanduku uwakung'ute mbele ya mlango. Waache wiki nzima bila kufungua.

Mwenye mizinga ya Langstroth asinunue hiki. Aagize cha fremu 5, kina kile kile cha sentimita 24, na awe mwangalifu na karatasi za nta zinazoagizwa nje: zile zilizochapwa vyumba vya milimita 5.4 ni za nyuki wa Ulaya. Nyuki wetu hujenga vyumba vya milimita 4.8 hadi 4.9 na hupindisha kazi wakilazimishwa. Ukanda mwembamba usiochapwa, juu ya fremu tu, unatosha.

Kisanduku kikishamaliza kazi, kwangua masega na vipande vyote, hata vile vidogo kwenye kona, kwa sababu nondo wa nta hahitaji zaidi ya hapo. Pitisha moto wa karatasi ndani haraka mpaka mbao ibadilike rangi kidogo, bila kuungua. Gundi ya nyuki iliyoganda kwenye kuta iache. Viunzi vifunge kwa kamba vikiwa vimebanana visipinde, vikae na kisanduku chake, na uandike juu ya kila kimoja kwa penseli kimetoka kisanduku kipi, maana ukivichanganya na vya fundi mwingine ule upungufu wa milimita moja moja unarudi.